MARK TWAIN: MWANDISHI ALIYETAKA KITABU CHAKE KIWE CHAKE

Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani, akaniwekea sharti moja tu: asiwe mwanasiasa, kwani hao wamejaa katika matoleo yaliyopita kama njugu guniani. Basi nikamchagua mwandishi. Ni Mmarekani, jina lake Mark Twain, na najua wengi wenu mnamfahamu kwa sababu ya yule mtoto mtundu Tom Sawyer. Lakini mimi leo sitawasimulia habari za Tom. Nataka kuwaeleza jinsi huyu bwana alivyochoka kuwapa watu wengine vitabu vyake wamchapishie, akaamua kuchapisha mwenyewe, na yaliyompata.

Nina sababu ya kuchagua habari hii. Chamani mwetu kuna mabishano yasiyokwisha. Kuna mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili (jina nalihifadhi) ambaye huandika hadithi katika daftari la kurasa tisini na sita na kuliazimisha kwa shilingi tano. Foleni ya kulisoma ni ndefu kuliko ile ya kitabu teule, nanyi mnajua ninasema kweli. Wapo wanaosema kwamba huyo si mwandishi mpaka kampuni yenye jina kubwa impige chapa. Wengine wanasema kama watu wanasoma na kulipa, wataka nini tena? Nilipoyasoma maisha ya Mark Twain katika maktaba nikaona kumbe vita hivi ni vya zamani sana, wala hatukuvianzisha sisi.

Mark Twain si jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa tarehe 30 Novemba, 1835 akaitwa Samuel Langhorne Clemens, katika kijiji kiitwacho Florida kilichoko katika jimbo la Missouri. Msije mkadhani ni lile jimbo la Florida lililoko baharini. Alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya wakati wake, na utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa. Alipokuwa na umri wa miaka minne familia ilihamia mji wa Hannibal, kando ya mto Mississippi, na mto huo ndio uliomlea kama vile bahari inavyowalea watoto wa Lamu.

Mwaka wa 1847 baba yake aliaga dunia kwa ugonjwa wa mapafu. Samweli alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukata uliingia nyumbani bila kubisha hodi, na haukupita muda mrefu akaacha masomo akawekwa kwa mpiga chapa mmoja ajifunze kazi. Mshahara hakupata. Alipewa chakula na nguo, basi. Hapo ndipo alipojifunza kupanga herufi za risasi kwa mkono, moja baada ya nyingine, neno kwa neno, mpaka ukurasa ujae, halafu baada ya kuchapa azivunje na kurudisha kila herufi katika kijumba chake. Wasomaji wangu, shikeni jambo hili la herufi za risasi. Tutalirudia, maana ndilo lililokuja kummaliza.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba alitoka nyumbani mwaka wa 1853 akafanya kazi hiyo hiyo ya kupanga herufi huko St. Louis, New York na Philadelphia. Mwaka wa 1857 akageuza nia, akaenda kujifunza urubani. Si urubani wa ndege, ndege zilikuwa bado kuzuliwa! Ni urubani wa meli za mvuke katika Mississippi, mto wenye mafungu ya mchanga yanayohamahama kila uchao, hata rubani alilazimika kuujua mto kama anavyojua kiganja cha mkono wake. Alipata cheti mwaka wa 1859 na mshahara mnono. Na jina lake alilitoa huko huko. Mabaharia walipopima kina cha maji kwa kamba na kukuta pima mbili, yaani futi kumi na mbili, walitoa ukelele wa maneno mawili, mark twain, na rubani akajua kwamba hapo meli inapita salama. Jina hilo alianza kulitumia gazetini mwaka wa 1863.

Alikuwa gazetini kwa nini tena? Kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani mwaka wa 1861 na meli zikaacha kupita. Akakimbilia Nevada kuchimba fedha pamoja na maelfu ya watu wengine waliotaka utajiri wa ghafla. Hakupata kitu. Njaa ilipombana akaajiriwa na gazeti la mji wa Virginia City, na huko akagundua kwamba ana kipaji cha kuchekesha watu. Mwaka wa 1865 hadithi yake ya chura wa kuruka ilichapishwa New York, ikarukaruka kutoka gazeti hadi gazeti nchi nzima. Lakini alipotaka hadithi zake zipigwe chapa kitabu, mchapishaji mmoja mkubwa wa New York alizikataa. Rafiki yake akazichapisha mwaka wa 1867, na Twain alilalamika miaka mingi baadaye kwamba hakuona hata senti.

Sasa ndipo mambo yanapokolea.

Mwaka huo huo wa 1867 alisafiri kwa meli pamoja na mahujaji wa Kimarekani kwenda Ulaya na Nchi Takatifu, akawa anaandikia gazeti barua za kuwacheka wenzake na kujicheka mwenyewe. Aliporudi alipata barua kutoka kwa Elisha Bliss wa mji wa Hartford, mkuu wa kampuni iliyoitwa American Publishing Company. Bliss alitaka barua zile ziwe kitabu. Lakini kampuni yake haikuuza vitabu madukani. Iliuza mlangoni.

Hebu niwaeleze. Zamani hizo Marekani ilikuwa na njia mbili za kuuza vitabu. Ya kwanza ni ile ya heshima: wachapishaji wakubwa wa Boston na New York wakachapisha vitabu vidogo vizuri, wakavipeleka katika maduka ya vitabu mijini, na wahakiki wakaviandika katika majarida. Ya pili ni ya mawakala. Wakala aliweza kuwa askari mstaafu, mjane, mwalimu mwenye mshahara wa kuku, au yeyote mwenye miguu. Alipewa kitabu cha sampuli chenye kurasa chache, picha kadhaa, vipande vya majalada ya aina mbalimbali, na mwishoni kurasa tupu zenye mistari. Akapita shamba kwa shamba akibisha hodi. Ukikipenda unaandika jina lako katika zile kurasa tupu, na kitabu kikishapigwa chapa unaletewa nyumbani na kulipa. Nadhani mmewaona wale wauza vitabu wanaoingia katika chumba cha walimu na mikoba mizito wakati wa chai? Basi ni mithili ya hao.

Wakulima wengi wa Marekani hawakuwa na duka la vitabu karibu, kwa hiyo njia hii iliwafikia watu ambao wachapishaji wa Boston hawakuwahi hata kuwaota. Mkulima naye alitaka thamani ya pesa zake, kwa hivyo kitabu kilikuwa kinene kama tofali, picha tele, jalada la kung'aa. Wasomi walivikunjia uso vitabu hivyo. Kwao mwandishi wa kuuziwa mlangoni alikuwa ni mchuuzi tu, na majarida makubwa kwa kawaida hayakujisumbua kuvihakiki.

Twain alijua hayo yote, na hakujali. Alikuwa amewahi kuwa fukara na hakutaka kuwa tena. Kitabu chake, The Innocents Abroad, kilitoka mwaka wa 1869 baada ya wakurugenzi wa kampuni kusitasita kwa kuona kina mzaha mwingi, na katika mwaka wa kwanza kiliuza nakala zipatazo 70,000. Wee! Mwandishi asiyejulikana sana alikuwa amewashinda waandishi wa heshima kwa mbali. Hata jarida la Atlantic Monthly la Boston lilivunja mazoea likakihakiki na kukisifu. Mhakiki alikuwa William Dean Howells, ambaye baadaye akawa rafiki yake wa chanda na pete. Mwaka uliofuata Twain akamwoa Olivia Langdon, binti wa tajiri wa makaa ya mawe, wakajenga jumba kubwa Hartford.

Tatizo lilikuwa mrabaha. Kwa kitabu cha kwanza alipata asilimia tano. Kwa cha pili, Roughing It cha 1872, alipata asilimia saba na nusu, naye Bliss akamhakikishia kwamba hiyo ni sawa na nusu ya faida. Twain akaamini. Bliss alipokufa mwaka wa 1880, Twain akapata nafasi ya kutazama hesabu za kampuni, na akashikwa na hasira kwani aliona kwamba nusu ya faida halisi ilikuwa kubwa mno kuliko alivyokuwa akilipwa miaka yote ile. Alimlaani Bliss hata kaburini. Mimi naona alimwonea kidogo. Bila Bliss nani angalimjua? Lakini mgala muue na haki yake mpe: mwenye jasho alikuwa Twain.

Tena kulikuwa na maharamia. Simaanishi wa baharini. Mwaka wa 1876 kitabu cha Tom Sawyer kilitangulia kutoka Uingereza, na kampuni moja ya Toronto, Belford, ikakichapisha Kanada bila ruhusa na kukimwaga Marekani kwa bei ya chini kabla nakala halali za Kimarekani hazijatoka Desemba. Sheria za hakimiliki hazikuvuka mipaka. Basi watu wakamsoma Tom, wakacheka mpaka machozi, na mwenye Tom hakupata kitu. Wale mnaopiga fotokopi vitabu vizima pale sokoni, sisemi kitu.

Akajaribu njia ya katikati. Alimwendea James Osgood, mchapishaji wa heshima wa Boston, akamwambia yeye Twain atagharamia kila kitu na Osgood apate fungu dogo la kazi yake. Wakatoa vitabu viwili kwa njia hiyo, mwaka wa 1881 na 1883. Osgood alikuwa mtu mwema lakini habari za mawakala hakuzijua, na mauzo hayakumridhisha Twain.

Ndipo mwaka wa 1884 alipoanzisha kampuni yake mwenyewe. Aliiita Charles L. Webster and Company kwa jina la kijana aliyemwoa mpwa wake, ambaye alimfanya meneja, lakini pesa zilikuwa za Twain na amri ilikuwa ya Twain. Kitabu cha kwanza kilikuwa Huckleberry Finn. Alimwagiza Webster asikitoe mpaka mawakala wawe wamepata oda 40,000. Yaani alitaka kwanza ajue wanunuzi, ndipo apige chapa. Ukiniuliza mimi hiyo ni akili ya kibiashara ambayo hata leo ingemfaa mtu.

Lakini masaibu hayakukosa. Mashine zikiwa tayari zimekwishachapa, ikagunduliwa kwamba mtu fulani alikuwa ameichezea picha moja akaifanya iwe ya aibu. (Picha yenyewe siwezi kuieleza katika jarida la shule.) Zawadi ya dola 500 ilitangazwa kwa atakayemtaja, hakupatikana. Ikabidi ukurasa ukatwe na kubandikwa mwingine, na soko la Krismasi likapita hivi hivi. Halafu wauza vitabu wa Boston wakakitangaza kwa bei iliyopunguzwa hata kabla hakijatoka. Twain akawashtaki. Alishindwa kortini. Kitabu kilipotoka hatimaye Februari 1885, maktaba ya mji wa Concord, mji wa wasomi watupu, ikakipiga marufuku mwezi uliofuata ikidai kwamba ni takataka isiyofaa. Twain, badala ya kulia, alimwandikia Webster kwamba marufuku hiyo itawauzia maelfu ya nakala. Na kweli miezi michache haikupita kikawa kimeuza zaidi ya nakala 40,000. Leo hicho ndicho kitabu chake kinachosifiwa kuliko vyote, na watu wangali wanakibishania, hasa kwa namna kinavyowataja watu weusi na kwa habari za Jim, mtumwa anayetoroka kutafuta uhuru wake.

Wakati huo huo kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akifa New York. Ni Ulysses Grant, jemadari aliyeongoza majeshi ya Kaskazini mpaka yakashinda vita, kisha akawa rais wa Marekani tangu 1869 hadi 1877. Mwaka wa 1884 kampuni ya fedha aliyoshirikiana na laghai mmoja ilianguka, akabaki hana kitu. Baadaye akapatikana na saratani ya koo. Alitaka kuandika kumbukumbu zake ili mkewe asibaki ombaomba. Wachapishaji wa jarida la Century, watu wa heshima kabisa, walimpa ahadi ya mrabaha wa asilimia kumi, kana kwamba ni mwandishi yeyote tu. Twain aliposikia alikaribia kupasuka. Alimwendea Grant akamwambia kwamba anapunjwa, akamwahidi asilimia sabini ya faida. Mzee alisita. Aliona si uungwana kuwaacha wale waliomjia kwanza, na Twain naye akamweleza kwamba ikiwa ni suala la nani alitangulia, yeye ndiye aliyemshauri aandike miaka kadhaa nyuma. Mkataba ukatiwa sahihi Februari 1885.

Kilichofuata ni mbio baina ya kalamu na mauti. Grant aliandika akiwa na maumivu makali, amejifunga kitambaa shingoni, sauti ikimpotea mpaka akawa anaongea kwa kuandika vikaratasi. Alimaliza kazi, na siku chache baadaye, tarehe 23 Julai 1885, akakata roho. Hapa ndipo ninapomvulia kofia Twain. Aliwatuma mawakala wapatao 10,000, wengi wao wakiwa askari wa zamani, wengine wamevaa sare zao za vita, wakabisha kila mlango kwa jina la jemadari wao. Nani angewafukuza? Ziliuzwa seti zaidi ya 300,000 za vitabu viwili viwili. Februari 1886 Bi. Julia Grant alipokea hundi ya dola 200,000, kubwa kuliko hundi yoyote ya mrabaha iliyowahi kuandikwa wakati ule, na jumla ya alizopata ilipita dola 400,000. Mjane akalala usingizi. Wale wa Century wakabaki kuuma vidole.

Laiti angeishia hapo! Lakini kilele ndicho chenye upepo mkali. Alidhani kila kitabu kitakuwa kama cha Grant. Mwaka wa 1887 kampuni ilitoa maisha ya Papa Leo wa Kumi na Tatu, kwa hesabu kwamba Wakatoliki wote watanunua. Hawakununua, walau si kama alivyotazamia. Karani wa hesabu akaiba maelfu ya dola. Kisha wakaanza mkusanyiko wa fasihi ya Marekani wenye mabuku kumi na moja, wakauza kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, na wale mnaonunua vitu kwa njia hiyo mnaelewa vizuri: kampuni ilitoa pesa zote leo ikangojea senti za kesho. Kadiri walivyouza mabuku mengi ndivyo walivyozidi kukaukiwa. Webster alichoka akaugua, akaacha kazi mwaka wa 1888, akafa akiwa bado kijana mwaka wa 1891.

Na ile mashine. Niliwaambia mshike habari ya herufi za risasi. Mvumbuzi mmoja wa Hartford, James Paige, alikuwa akiunda mashine ya kupanga herufi badala ya mikono ya watu. Twain aliyateseka mambo hayo utotoni, akaona moja kwa moja kwamba mashine hiyo itabadili dunia. Hakukosea. Alichokosea ni mashine. Tangu 1880 alimmiminia Paige pesa, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa ni kama kujaza pakacha maji. Wataalamu wanakisia kwamba zilifika dola 300,000 hivi. Mashine ilikuwa na vipande 18,000. Ikifanya kazi ilikuwa ajabu ya Firauni, lakini ilivunjika kila mara, na Paige hakukubali iuzwe mpaka airekebishe tena. Huku nyuma Mjerumani mmoja aliyehamia Marekani, Mergenthaler, akatoa mashine yake ya Linotype iliyoanza kazi katika gazeti la New York Tribune mwaka wa 1886. Haikuwa na mbwembwe. Ilifanya kazi tu.

Mwaka wa 1893 uchumi wa Marekani uliporomoka, na tarehe 18 Aprili 1894 kampuni ya Mark Twain ikafilisika. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Tajiri mmoja wa mafuta, Henry Rogers, alijitolea kumpangia mambo, na jambo la busara alilofanya ni kuhakikisha kwamba hakimiliki za vitabu zinaandikwa kwa jina la mkewe Olivia, kwani naye aliidai kampuni. Kwa hivyo wadai hawakuvinyakua. Walichukua vingine, lakini Huck na Tom walibaki nyumbani.

Kisheria angeweza kuwalipa wadai sehemu tu wakaachana. Yeye na mkewe walikataa. Walisema kila mtu atalipwa mpaka senti ya mwisho. Sasa fikiria mzee wa karibu miaka sitini, mwenye majipu na kikohozi, ambaye alikuwa anachukia kuhutubu, anaanza Julai 1895 kuizunguka dunia akichekesha watu kwa kiingilio. Alipita Marekani na Kanada, akavuka bahari kwenda Australia, New Zealand, Ceylon, India, Mauritius na mwisho Afrika Kusini. Alihutubu zaidi ya mara mia. Safari ilipokwisha Julai 1896 walikwenda Uingereza kuwangoja mabinti wao wawili waliobaki Marekani. Badala yake ikaja habari kwamba Susy, mkubwa wao, anaumwa. Mama na binti mwingine wakapanda meli haraka. Wakiwa bado baharini, Twain akiwa peke yake Uingereza, alipokea simu ya maandishi kwamba Susy amekufa kwa homa ya uti wa mgongo. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Ndani ya msiba huo aliandika kitabu cha safari, kilichotoka mwaka wa 1897. Nani walikichapisha Marekani? American Publishing Company, wale wale wa Bliss! Kufikia mwanzo wa 1898 madeni yote yalikuwa yamelipwa. Magazeti yalimsifu kama shujaa. Mwaka wa 1903 alitia sahihi mkataba na kampuni kongwe ya Harper wa kumlipa dola 25,000 kila mwaka kwa miaka mitano, liwe jua iwe mvua. Kwa hivyo wale wa upande wa makampuni makubwa chamani mwetu watasema, mnaona? Alirudi kwao. Nami nawajibu kwamba alirudi akiwa na sauti ya kutaja bei, na sauti hiyo hakupewa na Harper.

Tena hata wakati huo si kila alichoandika kilikubaliwa. Mwaka wa 1905 aliandika kijitabu cha kumkejeli Mfalme Leopold wa Ubelgiji, ambaye alikuwa akiitawala Kongo kama shamba lake binafsi, watu wakilazimishwa kuleta mpira wa miti na wengine wakikatwa mikono. Majarida yaliogopa kukichapisha. Basi akakitoa bure kwa chama kilichokuwa kikiwatetea watu wa Kongo, kikapigwa chapa Boston na kuuzwa senti ishirini na tano, yeye asichukue chochote. Upande wa Leopold ulitoa kijitabu cha kumjibu, maana yake kilikuwa kimewachoma. Mwaka wa 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji, ingawa ndugu zetu wa huko walingoja hadi 1960 kupata uhuru.

Olivia alikufa mwaka wa 1904, na binti mwingine, Jean, alikufa siku moja kabla ya Krismasi ya 1909. Mark Twain mwenyewe alifariki tarehe 21 Aprili 1910 akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Kimondo cha Halley kilikuwa kimerudi mbinguni, kile kile kilichoonekana mwaka aliozaliwa. Aliacha rundo la karatasi za maisha yake na agizo kwamba yasitolewe yote mpaka miaka mia ipite. Buku la kwanza la maisha hayo likatolewa kamili na chuo kikuu cha California mwaka wa 2010, na watu wakalinunua kama maandazi ya moto.

Jumba lake la Hartford sasa ni makumbusho. Kati ya vitu vilivyomo ni ile mashine ya Paige, ya pekee iliyobaki duniani, na vipande vyake vyote elfu kumi na nane.